Sahani ya Sucha

Miaka ile ya elfu mbili na kidogo nilikuwa na shahada ya mazingira, viatu vya mpira na kujiamini kwingi. Nilitumwa kutoka Kitale hadi karibu na Matulo kupima udongo wa kiwanja ambapo zamani nguzo za stima zilitiwa dawa ya kuzuia mchwa. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, matangi yameuzwa kama vyuma kuukuu. Ilibaki sakafu yenye madoa ya kijani na, kando yake, shamba la mjane mmoja aliyelea wajukuu watatu.

Mboga yake ya sucha, mnavu wa huko, ilinawiri ajabu. Hata viwavi hawaigusi, alijisifu. Hapo nilipaswa kushtuka. Nikaandika tu.

Nilipomaliza kujaza mifuko ya udongo, alikuwa amepika. Kwao mgeni haondoki bila kula, na anayekataa ni kama amesema nyumba ni chafu. Nilikuwa nashuku tayari. Ndicho nilichosomea miaka minne. Lakini nilinawa, nikamega ugali, nikala sucha ile. Aliponiongeza, nikamaliza. Nilijiona mtoto aliyelelewa vizuri. Fomu yangu iliuliza kama kuna watu wanaokula mazao ya pale. Nikatia alama, nikasahau kujihesabu.

Majibu ya maabara yalichukua miezi saba. Nilirudi nayo pamoja na hotuba: udongo una sumu, mboga zinainyonya, watoto wasile tena.

Alicheka. "Si wewe ulikula hapa hapa? Na ukaongezwa! Jirani alisema ati hiyo dawa ya nguzo ni mbaya. Nikamwambia, wee, hata ofisa mwenyewe amekula na hajafa. Kaa chini, mwanangu. Uongee ukishiba."

Akaleta ugali na sucha. Nikanawa, nikakaa. Mkono haukuenda.

Alingoja. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, na kicheko kikafifia usoni mwake polepole.

"Kwa hivyo siku ile ulijua?"

"Nilishuku, mama. Sikutaka kukuvunjia heshima."

"Heshima." Akaifunika sahani kwa sahani nyingine. "Yaani wewe ulinionea haya, na mimi nikalisha watoto miezi saba."

Mjukuu wa mwisho, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alikuwa ameng'ang'ania leso ya bibi yake. Mjane akamwinua, akauliza kama maabara yetu ingeweza kumpima na huyu. Nikasema yetu hupima udongo tu.

Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka, akaanza kung'oa sucha kwa mikono miwili, mstari kwa mstari. Nikamfuata, nikainama kusaidia.

"Acha tu," alisema bila kugeuka. "Utachafua nguo."