Jezi za Rangi Isiyo na Mwenyewe

Mimi kitambaa nakijua. Nimenunua majora hapa Guangzhou miaka mingi kuliko niliyokaa na mume wangu, na sijawahi kurudishiwa mzigo kwa sababu ya rangi. Nalisema hili mapema, maana kuna mji mmoja wa Ayalandi Kaskazini ambao sijaukanyaga na tayari wananisema vibaya.

Aliyeniponza ni jirani yangu wa ghorofa ya juu, kijana wa kwao huko, mwalimu wa shule. Kabla ya kuja China alifundisha Kitui, kwa hivyo Kiswahili anacho, na huniita shangazi. Asubuhi moja akabisha hodi, uso umemwiva kama nyanya.

"Shangazi, nisaidie. Nataka kitambaa cha jezi. Rangi yoyote ile, mradi isiwe ya mtu."

"Ebo! Rangi nayo ina mwenyewe?"

"Kwetu inaye."

Nikamkaribisha ndani, nikamtilia chai, akanieleza. Mji wao umekatwa na mto. Huku Wakatoliki, kule Waprotestanti, na zamani walikuwa wakiuana. Siku hizi hawauani, lakini hawachanganyiki pia. Kila upande una shule zake na baa zake, hata mwokaji mikate wake. Sasa mamake, muuguzi mstaafu, amejenga uwanja mpya wa michezo ya Kigaeli, ile ya jadi ya Waayalandi, pale penye daraja, katikati kabisa. Kujenga kwenyewe kumemla miaka na magoti yote mawili. Michezo hiyo tangu hapo ni ya Wakatoliki, lakini bibi yule ameapa kwamba watoto wote watacheza.

"Unachezwaje huo mchezo?" nikamuuliza.

Akasema timu mbili zinafukuzana na vigongo bapa vya mbao, wanakipiga kijipira hewani kwa nguvu ya kumng'oa mtu meno.

"Subiri kwanza. Watu walikuwa wakiuana, na mamako amefikiria, akaona dawa ni kuwapa vigongo?"

"Hata kwenye mkutano aliulizwa hivyo hivyo," akasema, na hakucheka.

Basi nikajua jambo ni zito. Milingoti ya magoli imesimama, nyasi zimeota, vyumba vya kubadilishia nguo vina maji ya moto. Wasichana saba wa ng'ambo ya mto, kwa Waprotestanti, wamekubali kuingia timu ya kwanza, na wazazi wao wametoa sharti moja tu: jezi isiwe na rangi ya upande wowote. Bila hao saba timu haitimii, na bibi wa watu atakuwa amejenga uwanja wa upande mmoja, kama vilivyokuwa vyote.

Sikumcheka. Mimi mtu wa Mombasa. Kwetu ukikaribia uchaguzi huwezi kuanika leso yako kwenye kamba bila jirani kuitazama rangi na kukuuliza unampigia nani kura. Nikavaa viatu, tukapanda metro mpaka Zhongda, soko la vitambaa ambalo hata ukinifunga kitambaa machoni nitakutembeza bila kugonga ukuta.

Nilimpeleka kwa laoban wangu. Laoban ndiye mwenye duka, na huyu wangu ni mama mfupi tuliyegombana naye kwa bei hadi tumekuwa kama mawifi. Kijana akapiga simu ya video, mamake akatokea jikoni kwake amevaa kanzu ya kulalia, kikombe mkononi. Laoban akaanza kufungua majora.

Kijani? Hiyo ya kwetu, bibi akasema, haiwezekani. Chungwa? Hiyo yao, ndiyo mbaya kabisa. Buluu ni ya bendera ya ufalme wa Uingereza, nyekundu na nyeupe vilevile. Manjano ni ya Papa. Zambarau wanavaa wale wa ng'ambo kwenye gwaride. Kijivu yalikuwa magari ya askari. Nyeusi bibi aliitazama, akatikisa kichwa, akasema imevaliwa vya kutosha makaburini, pande zote mbili.

Nikashika jora la waridi. Nani atagombania waridi? Bibi akasema mchinjaji wa ng'ambo amelipaka duka lake waridi mwaka jana, na watu bado wanajiuliza alikuwa na maana gani.

"Astaghfirullah!" Nikapandwa na hasira. "Mwulize mamako, mbingu yenu nayo ni ya nani?"

Kijana akatafsiri. Bibi akajibu kwamba huko mawingu hayabanduki, kwa hivyo hilo halijawahi kuzuka.

Laoban naye alikuwa amechoka. Akasema meiyou, hakuna tena. Ndipo nikamwona babake laoban, mzee wa watu, amekaa pembeni anakunywa chai yake juu ya jora moja lenye vumbi.

"Na hilo?"

Laoban akacheka hadi akajishika mbavu. Mzee alisimamishwa, jora likafunguliwa, na mimi, nisiyeogopa kitambaa, nikarudi nyuma hatua. Ilikuwa rangi ya uji wa wimbi uliolala, halafu mtu akaumwagia bizari. Jina haikuwa nalo, ilikuwa na nambari tu. Laoban akanieleza kwamba mtia rangi wa kiwandani alikosea, akachanganya mabaki ya pipa la kijani na ya pipa la chungwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi hata kuuliza bei.

Nikamtafsiria kijana. Akatoa macho.

"Funga mdomo," nikamwambia. "Mwonyeshe mamako kitambaa. Mambo ya mapipa hayamhusu."

Bibi alisogeza uso karibu na simu, akakitazama kwa muda mrefu, akavua miwani, akaivaa tena. Halafu akasema hiyo, katika maisha yake yote, hajaiona popote.

Jezi zilishonwa wiki ileile, zikaondoka kwa ndege kutoka Baiyun. Siku ya kufungua uwanja kijana alishuka kwangu mbio na simu. Wasichana walikuwa wamepanga mstari mbele ya milingoti, wote wamevaa ule uji. Nikahesabu kama ninavyohesabu mzigo. Walikuwa wametimia, wale saba ndani yake. Walifungwa vibaya sana, lakini nilipiga vigelegele hadi jirani wa Kichina akagonga ukuta.

Haukupita mwezi, kijana akaniletea picha ya barua. Wazazi wa wachezaji wanaiomba kamati ya uwanja iwaondolee binti zao aibu ile wanayovikwa.

"Aibu? Wamesema aibu? Hawa wasiojua pamba wala nailoni!"

"Shangazi, tazama chini."

Chini kulikuwa na majina, ukurasa mzima na nyuma yake. Karatasi ilipelekwa nyumba kwa nyumba, ikavushwa daraja, ikarudi. Nikamwambia anionyeshe wepi wa kwao na wepi wa ng'ambo. Akaanza na kidole, huyu wetu, huyu wao, huyu wao, huyu... akakwama. Mamake alipoipokea alicheka hadi akalia, kisha akalia kweli. Hajawahi kuona karatasi moja ya mji ule yenye majina ya pande zote mbili, isipokuwa orodha za wagonjwa.

Amewajibu kwamba atabadilisha jezi siku watakapomletea rangi moja waliyokubaliana wote. Sasa hukutana kila Alhamisi katika vyumba vya kubadilishia nguo, wanabishana, wanakunywa chai, wanaenda nyumbani, na Alhamisi inayofuata wanarudi.

Mimi nilikwenda Zhongda nikamwinua yule mzee mara ya pili. Lile jora lililobaki nimelinunua lote, liko chini ya kitanda changu. Hawatakubaliana leo wala kesho, na wasichana wanakua.