Lango Halifunguki Bila Kujibiwa

Tope la mafuriko lina harufu yake, na wale walioandika kwenye simu zao kwamba filamu ile ya hadithi ya kwetu "imewanusisha Rufiji" nawaomba wasinizidishie hasira. Kioo hakinuki. Tope la kwetu Salale, maji yakishateremka na jua likalipiga, hunuka chuma, majani yaliyooza na magamba ya samaki, na chini yake kuna utamu kidogo unaotoka kwenye mpunga ulioanza kutia maziwa. Harufu hiyo haitoki kwenye nguo hata ukizifua kwa sabuni ya mche. Mimi nimekulia ndani yake. Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, na harufu hiyo ilikuwa ya kitu kilichomchukua dada yangu, kwa hiyo nilikuwa naipenda na huku inanichefua, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Dada yangu aliitwa Mwajuma. Masika ya mwaka ule alikuwa anavuka kwenda shambani na wenzake, mtumbwi ukapinduka penye mkondo, wenzake wakashika mizizi ya mikoko, yeye akaenda na maji. Wanaume walimtafuta mpaka mto unapoingia baharini na hawakumpata. Akasaliwa bila maiti, matanga yakaondolewa bila kaburi, na Mama akabaki hana mahali pa kwenda kumsomea mwanawe Fatiha. Hakulia. Watu wakasema ana moyo mgumu, wengine wakamsifu kwa subira, na wote walikuwa hawajui wanachosema, maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kilichokuwa kikimuua ni jina. Kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, naye alikuwa Mama Mwajuma, na kila aliyepita alimwita: Mama Mwajuma, habari za asubuhi, Mama Mwajuma, nigawie moto, Mama Mwajuma, mwaka huu ndege wamezidi. Angefanyaje, akatae? Alikuwa anaitika. Nilikuwa namtazama anavyoitika, nikawa namchukia kila mwenye mdomo.

Mpunga haujui msiba. Ukianza kutia maziwa kwelea kwelea wanashuka, na usipoamia ndege kutoka alfajiri mpaka magharibi utavuna makapi. Unakaa juu ya dungu, kichanja cha miti kilichoezekwa makuti, una kombeo lako na rundo la madongo, na una kamba ndefu zilizofungwa makopo zinazokwenda kila pembe ya shamba. Ukivuta, shamba zima linalia. Kazi hiyo ni ya wanawake na watoto. Shule walikuwa wanajua, na mwalimu akiita majina miezi ile alikuwa anayaitia madawati. Sisi tulikuwa na madungu matatu yanayosikizana: la Mama upande wa mkondo, la katikati nilikokaa mimi na watoto wa jirani, na la Shangazi Somoe, dada yake Baba, kule kwenye mikoko. Baba mwenyewe alikuwa anashinda majini akivua kamba, na tangu msiba alikuwa haongei na mtu.

Huyu Shangazi Somoe ndiye ambaye filamu imemfanya kizee cha mvi na macho ya kusinzia, anatamka maneno kwa mafungu. Laiti angejiona. Alikuwa mwanamke mnene, mtafuna tambuu, mwepesi wa matusi, mdokozi wa mihogo ya watoto, na akicheza bao alikuwa anaiba kete mchana kweupe kisha anakuapia Mungu. Ila alikuwa na hadithi moja, na alikuwa na koo la kuifikisha. Sasa, kwetu hadithi haisimuliwi mchana. Ukiisimulia mchana mama yako anaota pembe, kila mtoto anajua. Shangazi alilimaliza jambo hilo siku ya kwanza. Alisimama kwenye dungu lake akatupigia kelele: "Nyie watoto, zibeni jicho moja. Nusu yenu sasa ni usiku, na mie naisimulia hiyo nusu." Basi tukashinda msimu mzima tumeziba jicho moja kwa kiganja, la pili tunaangalia ndege.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mtoto wa kike ambaye mto ulimchukua dada yake. Watoto wa jirani waligeuka kunitazama, na mie nikataka kushuka niende zangu, lakini miguu haikushuka. Yule mtoto akajifunga kibwebwe akaufuata mto mpaka chini ya maji, kwenye nchi ya Mfalme Tope, ambako nyumba zimejengwa kwa kila kitu ambacho mafuriko yamewahi kuchukua: milango ya watu, vitanda, vinu, mapaa mazima. Mamba walikuwa askari wa huko, viboko walikuwa wakibeba mji mgongoni ukitaka kuhama. Na palikuwa na malango. Mangapi, ilitegemea ndege. Wakija wengi Shangazi aliongeza lango. Kila lango lina bawabu, na bawabu huimba, "Nani yuko nje, maji yamelala?" Nasi tunaosikiliza lazima tuitikie, "Ni sisi wa nchi kavu, tumemfuata wetu." Tusipoitikia, au tukiitikia kivivu, lango halifunguki. Hakuwa na mzaha hapo. Siku moja tuliitikia vinywa vimejaa mihogo, akanyamaza kutwa nzima, yule mtoto akabaki nje ya lango kwenye baridi. Kesho yake niliitikia mpaka sauti ikakauka.

Dungu la Mama halikuitikia. Tulikuwa tunasikia makopo yake tu. Shangazi alijua anasikika kule, na kila bawabu alipouliza aligeukia upande ule. "Wifi," alimwambia siku moja, shamba zima linasikia, "watoto hawa sauti zao nyembamba, na lango la leo zito." Mama akavuta kamba, makopo yakalia, basi. Jioni tukirudi niliwasikia wakigombana mbele yangu njiani. Mama alimwambia hana haya, anamchezea maiti wake mbele za watu. Shangazi, ambaye hakuwahi kushindwa ugomvi hata na wanaume, safari hii akatema tambuu akatangulia mbele. Lakini kesho yake alianzia pale pale alipoishia. Kama huo ulikuwa ujasiri au ukorofi sijui mpaka leo, na kwa Shangazi vitu hivyo vilikaa nyumba moja.

Tulifika lango la mwisho mpunga umeshakauka na visu vya kuvunia vimenolewa. Shangazi akasema bawabu wa lango hili ni kiziwi. Akauliza. Tukaitikia. Hakusikia. Tukaitikia tena, mishipa ya shingo imetutoka, na ndege wanakula mpunga wetu kwa raha zao kwa sababu hakuna anayevuta kamba. Nikamwona Mama amesimama kwenye dungu lake, ameshika nguzo kwa mikono miwili. "Ni sisi wa nchi kavu," akasema, na hakuimba, alisema tu kama mtu anayebisha hodi. "Tumemfuata wetu." Akarudia. Mara ya tatu maneno yakamvunjikia mdomoni, kikatoka kilio chenyewe, kile alichokifungia tangu masika. Wanawake wa mashamba ya jirani waliacha kazi. Hawakuuliza kuna nini, walikuwa wanajua, na mmoja mmoja wakaanza kuitikia naye kutoka madungu yao mpaka sauti zikafika kwenye mikoko. Dada yangu alililiwa siku hiyo, mbele ya ndege.

Shangazi alingoja mpaka kilio kikatulia, ndipo akafungua lango. Dada mtu alikuwepo, amesimama, tope linamfika magotini. Akamwambia mdogo wake: siwezi kurudi, nina kazi huku, mimi ndiye ninayekoroga tope hili linalopanda mashambani kwenu kila masika. Akampa konzi moja ya tope. Yule mtoto akarudi peke yake na konzi ile, wakaimwaga shambani, wakapanda mpunga, wakala. Hadithi ikaishia hapo. Mama akashuka dunguni, akachota tope kiganjani, akasimama pale pale akasoma Fatiha. Tangu siku hiyo alikuwa na mahali pa kumsomea Mwajuma.

Sasa nije kwenu, watu wa filamu. Shangazi Somoe ameshafariki, lakini kabla hajafariki walikuja vijana kutoka Dar wakamrekodi, na baadaye kikatoka kitabu. Kitabu sikigombi. Walikiandika kwa adabu, na maneno ya kuitikia waliyachapa kwa wino mzito ili msomaji ajue zamu yake. Mwaka huu kitabu kimefanywa filamu kubwa, ambayo jina silitaji kwa sababu siifanyii matangazo. Kundi letu la simu la watu wa kwetu lilijaa machozi wiki nzima. Mmoja wa Nyamwage kaandika amelia mpaka mumewe akauliza nani kafa. Mwingine katuma sauti, kwikwi tupu. Wa tatu kasema dada mtu alipotoka langoni yeye alisimama akapiga makofi. Nikauliza, ametoka? Ametoka kwenda wapi? Nikaambiwa, "Shoga, nenda kaangalie mwenyewe, usiharibiwe utamu."

Basi nikaenda, na Mama nikaenda naye, maana siku hizi tunakaa wote Kibiti. Walionyesha kwenye ukumbi wa harusi. Mama alivaa doti mpya ya kanga, kajifukiza udi, kwa sababu kwake yeye alikuwa anakwenda kwa Mwajuma. Sitasema uongo, mamba wale walinishtua kitini, na mji uliobebwa na viboko ulikuwa vile vile nilivyouona kwa jicho langu lililozibwa. Nilianza kulainika. Likaja lango la kwanza. Akatokea mwimbaji mzuri, ngoma na zeze chini yake, akaimba swali, kisha jibu akaliimba yeye mwenyewe. Mama, kando yangu, akaitikia, kwa sauti ile ile ya dunguni. Vijana wakacheka. Lango la pili akaitikia tena. Msichana aliyekaa mbele yetu akageuka, mashavu yamelowa, simu mkononi anajipiga picha ya machozi yake, akasema, "Bibi, tulia basi, unatuharibia."

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Mfiwa alikuwa nyuma yake, kaambiwa anyamaze ili wa mbali walie vizuri. Nilimwambia msichana yule maneno ambayo hayaandikiki, na ningeendelea kama Mama asingenifinya paja. Yeye hakuitikia tena. Aliweka mikono mapajani akatazama, na malango yaliyobaki yakafunguka yenyewe, moja baada ya jingine, bila kuombwa na mtu. Kwenye lango la mwisho dada mtu akatoka. Nguo nyeupe, nywele kavu, hana hata doa la tope. Wakakumbatiana, wakapanda juu, pakafanywa harusi na mwana wa mfalme. Ukumbi ukapiga makofi mpaka vumbi la feni likadondoka.

Nilipolalamika kundini nilijibiwa kwamba ni filamu tu, dada, watu wanahitaji furaha, maisha yenyewe magumu. Mie furaha siikatai. Ninachokataa ni kuibiwa kilio cha mtu kikauzwa kikiwa kimeoshwa. Mwenye kovu usidhani kapoa. Hadithi ile haikutungwa ili watu wafurahi wala ili wahuzunike. Ilisimuliwa kwa mwanamke mmoja aliyekuwa hawezi kulia, na ilimngoja msimu mzima mpaka akaweza. Enzi zile tulikuwa tunasikiliza kwa jicho moja na bado tulikuwa tunajua nani anakaa dungu la pili na amepatwa na nini. Leo macho yote mawili yako wazi, yanameremeta machozi, na hakuna aliyegeuka kumtazama bibi aliyekuwa anaitikia peke yake.

Tulitoka, Mama kanitangulia mpaka barabarani, penye taa za mabasi na wauza chipsi. Pale akasimama.

"Tatu mwanangu, lile lango la mwisho, nani aliitikia?"

"Hakuna, Mama."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Akajitanda kanga yake vizuri. "Basi hajarudi yule," akasema. "Wamewadanganya."

Kijana wa bodaboda wa mtaani kwetu alikuwa ameegesha ng'ambo ya barabara. Akatuona, akapaza sauti juu ya honi za magari, "Mama Mwajuma, subiri hapo hapo, nakuja kukuchukua."

Mama akaitika.