Koti, Tezo na Mchonga Vinyago

Mtu aliyeuza makaa Shauri Moyo miaka ile ya tisini hawezi kushangazwa na kitu, na mimi niliuza kuliko wote. Nilifika Nairobi na shati moja na darasa la nne nisilolimaliza. Nilianza kwa kupima makaa kwa mkebe, na kabla sijafika miaka arobaini nilikuwa na depo yangu, mlango wa mabati, kufuli mbili. Wenye vyeti walikuja kukopa kwangu. Kwa hiyo mtu akisimama mlangoni kuomba, nilijua anachotaka kabla hajafungua mdomo.

Ndivyo nilivyompokea yule mzee Mkamba, mchonga vinyago. Alikuwa ameugua homa ya matumbo miezi mitatu, mwenye nyumba akamfungia chumba kwa sababu ya kodi, na tangu hapo alikuwa akilala kwenye baraza za maduka. Alikuja asubuhi, kifurushi cha gunia kwapani.

"Tajiri, nisaidie kidogo. Kama ungeweza..."

"Shika kumi, mzee, kanywe chai."

Kesho yake akarudi. "Asante ya jana, tajiri. Lakini nilikuwa nataka..."

"Mandazi!" nikamwita mama muuzaji wa pale jirani. "Mama, mpe mzee mawili, nitalipa mimi."

Wapagazi wangu wakacheka. "Mdosi, wewe ni kanisa!" mmoja akasema. Nilifurahi, sikatai.

Mvua ilipoanza nikafanya kubwa zaidi. Nilikwenda Gikomba, nikanunua koti zito la mtumba na kumvalisha mzee mbele ya wateja. Alinishukuru kwa mikono miwili, kisha akataka kusema jambo.

"Usiseme neno, mzee," nikamwambia. Akaondoka na kifurushi chake kwapani.

Asubuhi iliyofuata alikuja bila koti, jicho limevimba. Waliolitamani koti walimvizia barazani, wakaondoka nalo pamoja na kifurushi. Ndani ya kifurushi mlikuwa na tezo yake, kile kishoka kidogo cha kuchongea, chombo pekee kilichombakia.

"Hiyo ndiyo nilikuwa nakuomba," akasema.

"Ipi?"

"Uniwekee tezo jioni, nyuma ya magunia, niichukue asubuhi. Kuna mtu ananipa mti kwa mkopo nimchongee twiga. Nikichonga, napata kodi."

"Sasa mbona hukusema?"

Mke wangu alikuwa pale akichambua mboga. "Huyu hata mimi hunijibu kabla sijauliza," akamwambia mzee. "Utamzoea."

Niliona haya. Lakini mimi si mtu wa kukaa na haya, basi siku hiyo hiyo nikamwendea mfua vyuma, nikanunua tezo mpya na mpini wake, nikamletea. Mzee aliigeuza, akaipima hewani mara mbili, akaiweka chini polepole.

"Ni nzuri," akasema, "kwa mtu mwenye mkono mrefu."

Ndipo akanieleza kwamba mchongaji hukata mpini wake mwenyewe kwa kipimo cha mkono wake. Mti huwa ameushika kwa nyayo, na tezo isiyomkaa itamkata mguu kabla ya saa nne.

"Sasa unataka nini?" nikasema. Nadhani lilikuwa swali la kweli la kwanza nililomuuliza.

"Bapa tu, la springi ya gari; hili la kwako ni zito mno kwangu. Mpini nitakata. Na twende wote, maana wewe hujui kununua."

Mimi, kuambiwa sijui kununua! Nikaenda. Yeye alibishana na mfua vyuma, mimi nikanyamaza na kulipa. Alichonga mpini wa mpera akiwa ameketi mlangoni pangu. Tangu siku hiyo kila jioni aliniletea tezo, nikaifungia, asubuhi akaichukua. Kabla ya Krismasi alikuwa amepata chumba hapo hapo Shauri Moyo, wakigawana kodi na fundi wa viatu. Jioni ya kwanza aliyokaa na tezo kwake nilimsubiri mpaka jirani zangu wote wamefunga.

Siku hizi mtu akiniomba namsogezea debe aketi, namuuliza, kisha nanyamaza mpaka amalize. Wengine kweli wanataka chai tu. Mmoja alitaka nimtunzie kitambulisho. Mama mmoja alitaka maji ya kuoga na mlango unaofungika. Vitu hivyo nilikuwa navyo tayari, na sikuwahi kufikiri kwamba ni msaada.

Watu wa zamani bado wananisifu kwa lile koti. Koti lilikuwa mia tatu hamsini, tezo isiyofaa mia na themanini, na bapa, kwa ulimi wa mzee, sitini. Mahali nyuma ya magunia palikuwa bure tangu siku ya kwanza. Ukiongeza chai na mandazi, kutomsikiliza na kumsikiliza kulinigharimu shilingi mia sita na nne.