Mama Mabano na Kitabu cha Wakunga

Ofisini walimwita Mama Mabano, na yeye alishazoea. Kazi yake ilikuwa kuandaa vitabu vya mafunzo, ila hakupanga kurasa kwa macho kama wenzake. Aliandika maneno matupu, kisha kila kipande akakivisha alama ndani ya mabano: hiki kichwa, hii hatua, hili onyo. Ukichungulia kompyuta yake ungeona vurugu tupu. Lakini akishaandika amri moja, programu huria aliyoipakua bure inazisoma zile alama, na PDF inatoka imenyooka kama shati lililopigwa pasi.

Safari hii alikuwa na kitabu cha wakunga. Rasimu ilipokamilika, aliichapa akampa wifi yake, dada wa mumewe, mkunga wa siku nyingi asiyejua kumung'unya maneno.

"Wifi, kitabu kizuri," alisema yule mkunga, hata viatu vya kazi hajavua. "Ila dalili za hatari umezificha."

"Nimezificha wapi? Si hizo hapo?"

"Zimebanana na maneno mengine kama nguo sandukuni. Mama anavuja damu mbele yangu, mimi nizitafute kwa tochi?"

Mama Mabano alicheka, lakini neno lilimwingia. Kesho yake alifungua faili la mitindo, lile linaloiambia programu kila alama ionekane vipi. Dalili zote alikuwa ameshazivisha alama ya hatari, kwa hiyo hakuhitaji kuzifuata mojamoja. Aliagiza tu kwamba chochote chenye alama hiyo kiingie kwenye kisanduku chenye mpaka mnene. Akatoa amri, na kitabu kizima kikabadilika.

Alipiga kigelegele cha chinichini. Akaendelea kushuka kurasa, kigelegele kikamkauka mdomoni. Visanduku kadhaa vilikuwa vimekatika: dalili ya kifafa cha mimba chini ya ukurasa mmoja, la kufanya juu ya ukurasa wa pili.

Alihangaika navyo mchana kutwa. Programu ya bure haina ofisi ya kupigia simu, basi akawaandikia watumiaji wenzake kwenye jukwaa lao mtandaoni, akaambatanisha ukurasa wenye kasoro, akarudi nyumbani.

"Mbona umenuna?" mumewe aliuliza.

"Sijanuna. Vinakatika tu."

"Nini, wifi imekatika tena?"

"Wifi yupo sebuleni, anamalizia chai yako."

Wote watatu wakaangua kicheko, na aliyecheka zaidi ni mkunga, kikombe mkononi.

Asubuhi alikuta jibu la mtu asiyemfahamu, aliyejiita Kobe: "Kiambie kisanduku kisigawanywe. Ni mstari mmoja tu kwenye faili la mitindo. Na usione haya, dada, wengi tulikwama hapohapo."

Aliuongeza ule mstari. Visanduku vikakaa vizima, vingine vikahamia ukurasa unaofuata na kuacha nafasi nyeupe pale vilipotoka. Nafasi hizo zilimkera kidogo, mpaka wifi yake alipoziona.

"Hapa usiguse. Hapa nitaandika ya kwangu."

Wiki hiyohiyo mkunga alipiga simu kutoka wodini. "Wenzangu wameninyang'anya kitabu! Nichapie kingine, na herufi ziwe kubwa, macho yetu yamechoka."

"Hilo dogo," Mama Mabano alijibu, na kweli lilikuwa dogo: namba moja kwenye faili la mitindo. Printa ilipoanza kutema kurasa, alimwandikia Kobe ahsante, kisha akasimama pale akizipokea zikiwa bado na joto.