Darasa la Misalaba ya Mawe

Siku ya kwanza kazini nilipewa koti la kijivu, tochi ndogo na onyo. Mkuu wa Masomo ya Jioni, mama mrefu asiyependa kurudia neno, alinionyesha mashine ya kurushia picha ukutani. "Slaidi inaingia kichwa chini," akasema. "Ukiiweka wima, kanisa litasimama kwa mnara." Chuo kilikuwa cha watu wazima, hapa Wembley, London, na watu walitoka kazini wakaja moja kwa moja kusikiliza mihadhara.

Nyinyi mnaobonyeza kitufe hamjui taabu yake. Slaidi ni kipande cha filamu kilichobanwa kwenye fremu, na kila fremu tuliitia nukta pembeni tujue upande wa kushika. Taa ilikuwa ikichoma vidole. Mhadhiri akigonga fimbo sakafuni, unabadilisha. Akigonga mara mbili, umekosea.

Mimi lakini sikuja Uingereza kubadilisha slaidi. Unguja nilikuwa mwalimu, na tulipohamia London baada ya Mapinduzi sikupata hata darasa la chekechea. Nikaapa kwamba nitasimama tena mbele ya wanafunzi, wapende wasipende.

Nilipangiwa mhadhara wa historia ya sanaa ya Ayalandi, maana Waayalandi walikuwa wengi mitaa ile, wajenzi na wauguzi. Mwanzoni nilifuata fimbo tu. Kisha misalaba yao mirefu ya mawe ikaniteka: imechongwa visa vya Biblia toka chini hadi juu, asiyejua kusoma ajifunze kwa macho. Zikaja kurasa za Injili walizochora watawa, mistari imesukwa kama ukili wa mkeka. Jumamosi nikawa napanda basi kwenda kusikiliza mihadhara ya bure popote ilipotolewa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama miaka.

Mhadhiri alipohama, niliingia ofisini kwa Mkuu.

"Nipe mimi darasa."

"Wewe? Uwafundishe Waayalandi mambo ya Ayalandi?"

"Ndiyo. Nimeyasoma."

Akanitazama sana. "Mkaguzi atakusikiliza jioni moja. Asiporidhika, unarudi kwenye mashine."

Sasa, kwetu humsomeshi mtu hujamjulia hali. Basi jioni ya ukaguzi ilipofika nilianzia kiti cha mbele. Bwana Kevin, mzee wa ujenzi, nikamuuliza habari za goti lake bovu, habari za nyumbani. Akaeleza goti, akaeleza dada yake, akaeleza na paa la dada yake. Na wengine vivyo hivyo, kila mmoja alikuwa na lake, na mimi sikumkata mtu. Nilipozima taa nikaonyesha msalaba mmoja, sijavuka kitako chake, bawabu akaingia na funguo kufunga jengo.

Mkaguzi alivaa koti lake taratibu. "Bibi, nilikuja kusikia habari za sanaa. Nimesikia habari za magoti."

Nilifika nyumbani nikalia, sioni haya kusema. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa.

"Weye Zuhura, ulikwenda kusomesha au kuposa?"

"Cheka. N'takwenda tena."

"Watu wa huku wana saa, mke wangu. Hawana maamkizi."

"Wanayo. Hawajaulizwa tu."

Muhula mzima nilibaki kwenye mashine, chini ya mhadhiri mpya, nikisoma jinsi anavyoigawa saa yake: wapi anatua, wapi anaharakisha. Maamkizi sikuyaacha. Niliamua kuyahamishia mlangoni. Mhadhiri naye alipoondoka, nikarudi kwa Mkuu.

Alishusha pumzi. "Mkaguzi ni yuleyule."

"Aje."

Jioni ya ukaguzi wa pili niliwahi mapema, nikasimama mlangoni na birika la chai, nikampokea kila mtu huku akikung'uta mwavuli. Mkaguzi naye akaja. Nikamuuliza habari za nyumbani. Alitaka kupita, akasimama, akasema mkewe amelazwa hospitali. Nikampa pole, nikamwambia tutamwombea.

Kisha taa zikazimwa na fimbo ikawa mkononi mwangu. Nilipanda na msalaba toka kitako hadi kilele, kisa baada ya kisa, nikapita kwenye kurasa za watawa, nikamalizia kwa madirisha ya vioo vya rangi. Tulipokuwa bado kwenye msalaba, Bwana Kevin aliropoka gizani, "Huo wa kwetu!" Nikamwambia atueleze unavyoonekana mtu akisimama mbele yake. Akaeleza kwa ufupi, nami nikaendelea.

Watu walipotoka, Mkaguzi alikuja mbele. Ya mkewe hakuyataja.

"Madirisha umeyakimbiza," akasema. "Yarekebishe kabla ya wiki ijayo."

Ndipo nikajua nimepata darasa.

Nimestaafu sasa, baada ya kufundisha mpaka miguu ikakataa ngazi. Vijana huniuliza kama nilimlainisha yule bwana kwa maamkizi. Hata kidogo. Angelainika, asingeyagusa madirisha yangu. Alinikosoa kama mwalimu anavyomkosoa mwalimu mwenzake, na hilo ndilo nililolitafuta tangu siku niliposhuka London.