Kichwa Ametangulia

Katika msafara wa baiskeli mtu wa mwisho huitwa mkia, na kazi yake ni moja: asiwepo mtu nyuma yake. Mgeni akichoka, mkia huchoka naye. Mgeni akishuka kusukuma, mkia naye hushuka, hata kama miguu yake ingali na nguvu za kufika mawinguni. Hubeba pampu, viraka, mnyororo wa akiba, na subira ya kuwasikiliza madaktari wa meno wakieleza kwamba wangepanda kwa kasi tu, isingekuwa hilo tandiko.

Mtu mmoja aliifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na miwili, mpaka watu wa mabondeni wakasahau jina lake na kumwita Mkia. Mbele ya msafara, kwa miaka hiyo hiyo, alikuwa mkewe. Yeye aliitwa Kichwa. Watu walitania kwamba hata nyumbani mpangilio ulikuwa huo huo, na Mkia hakuwahi kukanusha, kwa kuwa ilikuwa kweli na ilimfaa.

Kati yao kulikuwa na wageni kumi au kumi na wawili, na wakati mwingine kilomita tatu. Ndoa nyingi hazipati nafasi ya kupumua kiasi hicho. Waliagana asubuhi, wakaonana jioni au hata mwisho wa safari, na katikati walizungumza kwa kengele: Kichwa akifika juu ya mlima alipiga mara mbili, na Mkia huko chini, amemshikia baiskeli mgeni anayetapika, alijibu mara moja.

Kichwa alikufa mwezi wa pili, wakati wa mvua, barabara ya mabondeni ikiwa imefungwa. Aliugua siku tisa. Siku ya kumi Mkia alitoka wodini kwenda kujaza chupa ya maji, akarudi akakuta nesi amevuta pazia.

Msimu ulipofunguliwa, ofisi ya msafara ilitaka kuwapigia simu wenyeji wa miji mitatu ambamo wageni hulala, iwape habari. Mkia alikataa.

"Nitawaambia mwenyewe. Wale ni watu wake. Habari kama hiyo haitumwi pamoja na idadi ya vitanda."

Ofisi ilishukuru, ofisi hushukuru upesi inapopunguziwa kazi. Kiongozi mpya, dada mmoja mwenye saa inayohesabu mapigo ya moyo, aliagizwa kwamba akiulizwa ajibu tu, "Mkia anakuja, atawaeleza."

Siku ya kwanza Mkia alishinda akilitafuta neno. "Amekufa" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. "Amefariki" lilikuwa neno la kwenye fomu, na fomu alikuwa amejaza za kutosha. Akachagua lile la heshima, ambalo watu hulisema wameinamisha macho: ametangulia.

Mji wa kwanza uliwapokea kama siku zote, milango wazi, viti nje, mwokaji mikate amesimama mbele ya duka lake na unga hadi kwenye nyusi.

"Mkia umefika," alisema. "Sasa nyoka amekamilika. Kichwa yuko wapi? Huyu dada wa saa hataki kusema."

Mkia aliegemeza baiskeli, akavua kofia.

"Ametangulia."

"Kama kawaida yake. Mwanamke hana breki yule. Ngoja kidogo."

Hapo ndipo Mkia alipoliona kosa lake. Kwa miaka ishirini na miwili swali lilikuwa hilo na jibu lilikuwa hilo: Kichwa, akishawafikisha wageni, ametangulia mji unaofuata, kukagua vitanda, kujaribu mabomba, kugombana na wapishi. Neno ambalo kwingine huwanyamazisha watu, huku lilikuwa ratiba tu. Alifungua mdomo asahihishe, lakini mwokaji alikwisha rudi na mikate minne ndani ya kitambaa, bado ya moto.

"Mpelekee. Na mwambie kikapu changu cha mwaka jana sijakisahau."

"Nitamwambia," alisema Mkia.

Kosa la kwanza lilikuwa la ulimi. La pili alilifanya akijua. Katika mji wa pili fundi cherehani alimtolea koti la mvua, la buluu.

"Lile la zamani lilimbana mabegani, kila mwaka ananisema. Hili nimeliongeza vidole viwili. Aje alijaribu. Yuko wapi?"

"Ametangulia," alisema Mkia, na safari hii alilitega neno mwenyewe, akasubiri linase. Kwa muda wa kulikunja koti mkobani, palikuwa na mtu mwingine duniani aliyejua kwa hakika kwamba Kichwa yuko mbele kidogo tu, baada ya kona, anamfokea mpishi. Mkia alikaa ndani ya hakika hiyo kama mtu aliyejikinga mvua kwenye ukuta wa jirani.

Siku ya tatu barabara hupanda kilomita kumi na nne, kisha huisha. Mlima umesimama hapo kama ukuta. Chini yake kuna mji wa nyumba arobaini, na nyumba ya wageni ya mjane mmoja aliyekuwa na jina moja na Kichwa. Waliitana somo, na kila msimu chai ya wageni ilichelewa kwa sababu somo na somo walikuwa jikoni wanacheka.

Mkia alipanda akisukuma pamoja na mwalimu mstaafu ambaye magoti yake yalikuwa yamestaafu kabla yake. Walipofika juu alipiga kengele mara moja.

"Unampigia nani?" aliuliza mwalimu.

"Mazoea tu."

Mjane alikuwa mlangoni, anajifuta mikono.

"Chumba chenu tayari, shemeji. Somo yuko wapi?"

"Ametangulia."

Mjane alicheka. Halafu akaitazama barabara waliyoijia. Halafu akageuka, akautazama mlima.

"Ametangulia wapi?" aliuliza taratibu. "Barabara si inaishia hapa?"

Mkia alimnyooshea kile kitambaa cha mikate, ambayo sasa ilikuwa migumu kama matofali. Hakuwa na kingine cha kunyoosha.

"Lini?"

"Mwezi wa pili."

"Na wewe ukaniacha nimtandikie kitanda."

"Nilitaka nikwambie mwenyewe."

"Hukuniambia. Nimejiambia."

Alileta chai, wakaketi kwenye ngazi wakiichovya mikate mpaka ilainike.

"Ulikuwepo?"

"Nilitoka kujaza chupa. Dakika tano. Pengine sita."

"Huyo," alisema mjane, "lini alimngoja mtu?" Akacheka kidogo, kisha akajifunika uso kwa aproni, mabega yakitikisika. Mkia aliutazama mnyororo wa baiskeli yake. Ulihitaji mafuta.

Baadaye mjane aliuliza, "Wa huko chini wanajua?"

"Wanajua ametangulia."

"Shemeji, kesho ukashuke ukawaambie. Kwa neno lisilo na magurudumu."

Asubuhi Mkia alimwomba yule dada wabadilishane nafasi.

"Njia unaijua, mzee?"

"Naijua kwa nyuma."

Ilikuwa kweli. Barabara hiyo alikuwa ameiona miaka yote kupitia migongo ya watu, na sasa ilikuwa imelala mbele yake tupu. Kila kona aliyoikata alitazama mbali zaidi kuliko inavyohitajika kwa usalama.

Fundi cherehani alimwona akiingia peke yake.

"Leo mkia umetangulia," alisema. Kisha akaliona koti mkononi mwake. "Usiniambie limembana tena."

"Hapana," alisema Mkia. "Amekufa."

Fundi aliondoa mguu kwenye cherehani. Alilipokea koti, akalitandaza mezani, akaanza kulinyoosha mabega kwa kiganja, mara nyingi, ingawa halikuwa na kunyanzi hata moja.

Wageni wakaanza kuingia, na Mkia akajikuta akiwahesabu. Wa mwisho alikuwa yule dada wa saa, sambamba na mwalimu. Alipiga kengele mara moja, kama alivyoelekezwa. Mkia alinyoosha mkono kwenye baiskeli yake, akamjibu mara mbili.

Bado mwokaji kuambiwa. Bado na kikapu chake kurudishwa, ambacho kilikuwa nyumbani, kimejaa soksi zake Kichwa.