Kidole Alichomwazima Jeannette

Ukitaka kumuudhi Odilia Kipriani, mwambie kuna sheria isiyo na maana. Ataweka ungo chini, atajifuta mikono kwenye khanga, na hapo ujue chakula cha mchana kitachelewa nyumba mbili, yake na yangu. Ni katibu muhtasi katika ofisi moja ya umma hapa Kibondo mjini, Muha wa hapahapa, mama wa binti mmoja, Recho, aliyeolewa Kasulu. Mimi ni Herieth, mwalimu wa Uraia, ajira ndiyo iliyonileta huku kutoka Same. Kati yetu kuna ua wa minyaa uliotoboka kwa kupitishiana chumvi, kiberiti na maneno.

Maneno ndiyo mengi. Odilia aliwakemea bodaboda wasiovaa kofia, hata wale wasiombeba. Alimwambia katekista mbele ya waumini kwamba spika za kanisa zimezidi, na waliolala zamu ya usiku hospitali nao ni watu wa Mungu. "Sheria ni msumeno, mwalimu," alizoea kuniambia, "inakata mbele na nyuma." Ofisini kwao walipoletewa mashine ya mahudhurio kwa alama ya kidole, wenzake walinuna wiki nzima. Odilia alikuwa wa kwanza kuweka dole gumba. Nilimwambia mashine hiyo inajua kwamba umefika, haijui umefanya nini. Akanijibu kwamba mimi ningekuwa rais, nchi ingekula nyasi.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyevunja sheria kwa ajili ya Jeannette Nduwayezu, na akaivunja kwa furaha.

Jeannette ni mkimbizi kutoka Burundi. Walijuana siku zile wakimbizi na wenyeji walipokuwa wakiuziana vitu soko moja. Jeannette alikuwa na cherehani, Odilia alikuwa na kitenge cha sherehe na haraka. Wakaelewana kwa maneno machache, maana Kiha na Kirundi ni mtu na mdogo wake. Gauni lilimkaa Odilia vizuri kuliko yote aliyowahi kushonewa, na tangu hapo wakaitana mwenewacu, yaani ndugu yetu.

Jeannette alikuwa amempoteza mwanawe. Si kwa kifo. Walipokimbia, mwaka elfu mbili na kumi na tano, watu walikuwa wengi njiani, na Sylvestre, mtoto wa darasa la nne, alikuwa kwenye baiskeli ya baba yake mdogo. Jeannette na mtoto mchanga wakapita njia moja, baiskeli ikapita nyingine. Baadaye alisikia kwamba yule shemeji yake alionekana Uganda. Mtoto mchanga alifariki kambini kwa homa. Akabaki na Sylvestre peke yake, tena huyo hayupo.

Basi akataka namba ya simu. Ugeni wake ulikuwa mbichi, karatasi zake hazijakamilika, na kwenye kibanda cha laini walimwambia bila kitambulisho hakuna kitu. Odilia akatoa kitambulisho chake. Miaka ikapita, serikali ikataka kila laini isajiliwe upya kwa alama za vidole, na Odilia akaenda tena, akabonyeza kidole kwa ajili ya laini ya Jeannette. Siku hiyo nilimkumbusha msumeno wake. Alicheka. "Kidole kimoja hakivunji chawa, mwalimu. Mwache na mimi nimwazime cha kwangu."

Najua kwamba kuazimana kidole ni kosa. Ninafundisha Uraia, sihitaji kukumbushwa. Lakini nina maoni yangu kuhusu mlango unaofungwa kwanza, halafu aliyepita dirishani akakamatwa.

Namba ile Jeannette aliitangaza kuliko wenye maduka wanavyotangaza bidhaa. Kila aliyekuwa akirudi Burundi alipewa. Kila dereva wa lori, kila mchungaji mgeni, kila ofisa wa shirika linalotafuta ndugu waliopotezana, wote waliondoka nayo. Kambi ya Mtendeli ilipofungwa akahamishiwa Nduta, akabadilisha kibanda, majirani na foleni ya maji. Namba haikubadilika. Wengine walipokuwa wakijiandikisha kurudi nyumbani, yeye alikuwa akisema hatatoka mahali ambapo simu yake inashika mtandao wake uleule, kwa sababu Sylvestre anajua namba hiyo, au ataijua.

"Nitamjua kwa sauti," alikuwa akituambia. "Ana sauti ndogo kama ya kifaranga." Odilia akimtania kwamba kifaranga huwa jogoo, Jeannette alikuwa akikataa kabisa kucheka.

Sasa nifike kwa Bwana Japhet, mkuu wa ofisi ya Odilia. Sina ugomvi naye binafsi. Ugomvi wangu ni na watu wanaopokea agizo la kikombe wakalirudisha limekuwa pipa. Ulikuja waraka kuwataka watumishi wahakiki laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyao, na wafute wasizozijua, kwa sababu matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" walikuwa wamezidi. Jambo jema. Hata mimi walinitumia ujumbe huo, tena siku ya mshahara. Lakini Bwana Japhet akaona waraka umekosa chumvi. Akawakusanya watumishi asubuhi, akatangaza kwamba hataki kuona kwa mtumishi wake laini asiyoishika mkononi. Kila mmoja apite mezani kwake, abonyeze simu mbele ya macho yake, aonyeshe orodha ya laini zake ikiwa safi. Atakayekutwa na laini ya ziada atajieleza kwa maandishi.

Odilia hakuwahi kujieleza kwa maandishi maisha yake yote. Barua za namna hiyo alikuwa akizichapa za wenzake.

Alinisimulia mwenyewe ilivyokuwa. Alifika mezani, orodha ikatokea, na chini ya namba yake ikaonekana ile nyingine. Bwana Japhet akauliza, "Hii ya nani, mama?" Odilia, ambaye ana jibu kwa katekista, kwa bodaboda na kwa mwalimu wa Uraia, akapata jibu fupi tu kwa mkuu wake. Akasema, "Siijui, mkuu."

"Basi futa."

Akaifuta. Tena jioni yake alikuja uani, akanikasirikia mimi, si Bwana Japhet, kwa sababu nilimuuliza kwa nini hakuomba hata siku mbili ampe mwenzake taarifa. "Namba ni namba tu," akasema. "Siku hizi wakimbizi wana karatasi zao. Atasajili nyingine kwa jina lake mwenyewe, kisheria. Nimemsaidia." Alisema kwamba angemwambia Jumamosi. Jumamosi ile kulikuwa na msiba wa jirani. Iliyofuata mvua ilinyesha. Kisha ikawa aibu, na aibu ikikaa sana ndani ya mtu huanza kuitwa kusahau.

Waraka ule niliusoma baadaye. Ulisema laini usizozijua. Ile Odilia aliijua kuliko laini yoyote duniani.

Miezi mingi ikapita. Siku moja Jeannette akapata kibali cha kutoka kambini kuja kutibiwa macho hospitali ya hapa mjini. Odilia akaniomba nimsindikize, nami nikajua kwa nini: hakutaka kuwa peke yake naye. Tulimkuta Jeannette kwenye benchi la barazani, pamba jichoni, simu mapajani. Baada ya salamu, ambazo kwao hazina haraka, mara mwakeye, mara habari za nyumba, za watoto, za mashamba, akamnyooshea Odilia ile simu.

"Mwenewacu, simu hii inaumwa. Haishiki mtandao kabisa. Fundi amebadilisha betri, amebadilisha hata kioo, bado. Nitazamie. Wewe ni mtu wa ofisi."

Odilia aliipokea ile simu. Halafu akasema yote, kwa Kiha, macho yakiwa chini. Sikuelewa kila neno. Nilielewa pale Jeannette alipoondoa mkono wake juu ya mkono wa Odilia.

Hakupiga kelele. Ingekuwa heri. Aliuliza jambo moja tu, tena kwa Kiswahili, kana kwamba Kirundi amekihifadhi kwa ajili ya watu wake: "Ulimwambia bosi wako kwamba hunijui?"

"Nilisema siijui laini."

"Haya," akasema Jeannette.

Tulimwacha pale, tukakimbilia duka la mtandao. Binti wa kaunta, kucha ndefu na heshima zake zote, akatafuta kwenye kompyuta. Laini imekwisha kupewa mteja mwingine. Nani? Haruhusiwi kusema, ni sheria ya kulinda taarifa za wateja. Odilia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema mbele ya watu, "Sheria gani hiyo?" Binti akatabasamu tu.

Mimi ndiye niliyesema tuipigie namba yenyewe. Wakati mwingine akili huja ikiwa imechelewa, lakini huja. Tukarudi barazani, tukaketi mmoja huku na mwingine huku wa Jeannette, nikapiga kwa simu yangu, nikaweka sauti ya juu.

Akapokea mwanamume. Odilia akaanza kueleza kwa haraka: namba hii ilikuwa ya dada yangu, tafadhali, kuna mtoto amepotea. Akakatiwa. Nikapiga tena. Safari hii nikatoa sauti ile ninayotumia kidato cha pili mchana baada ya ugali. Nikajitambulisha kwa jina, shule na somo, nikamwambia kama ni mtumishi mwenzangu au la sijui, ila mimi si tapeli, na hela yake simuombi.

Hakukata. Kisha akasema anaitwa Lusajo, bwana shamba, mtu wa Rungwe, amepangiwa Nyakitonto kule Kasulu, na laini hii aliinunua aliporipoti. "Samahani, mwalimu. Namba hii imenisumbua. Watu wananipigia wanaulizia mama mmoja. Nilidhani ni mchezo wa matapeli."

"Watu gani?"

"Mmoja hasa. Kijana. Namba ya nje. Anaongea kama watu wa huku, lugha siielewi, kila neno la pili ni mama, mama. Nikamwambia amekosea. Akapiga tena. Kesho yake tena. Tulikuwa tumeonywa kwenye kikao cha kazi tujihadhari na namba za nje. Nikamfungia."

Odilia alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mimi nikauliza kama anaweza kuitafuta ile namba. Lusajo akasema simu aliyomfungia nayo ilitumbukia mtoni alipokuwa akivuka kwenda kwa wakulima. Sasa ana simu nyingine, laini ileile, na kwenye hii hakuna kitu. Kijana akipiga leo ataingia. Lakini hajapiga tena.

Sauti yake ilikuwa ya mtu mwema. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba nikipanga waliohusika mstari mmoja simpati mwovu. Waraka ulitaka kuzuia wizi. Bwana Japhet alitaka ofisi safi. Binti wa kaunta alilinda siri za mteja. Lusajo alitii onyo. Na Odilia, rafiki yangu, alitii wote. Mtoto akapita katikati ya watu hao watiifu akimwita mama yake, wakamfungia.

Nilidhani Jeannette angeanguka. Alikuwa ameshika benchi. Kisha akasema polepole, "Ariho." Akarudia kwa nguvu, watu wa foleni ya dawa wakageuka, "Umwana wanje ariho! Mwanangu yu hai!" Muda wote ule namba ilipokuwa yake, Sylvestre hakuwahi kupiga. Sasa alikuwa amepiga, tena zaidi ya mara moja.

Lusajo alikuwa akiita, "Halo? Halo, mwalimu?" Jeannette akaichukua simu mkononi mwangu, akaisogeza mdomoni, akazungumza Kiswahili cha taratibu ili yule mtu wa Rungwe asikose hata neno.

"Baba, usibadilishe laini. Akipiga, mwambie mama yupo Nduta."

"Sibadilishi, mama. Naapa."

"Niambie kitu kimoja tena. Sauti yake. Ni ndogo?"

Lusajo akafikiri. "Hapana, mama. Ni nzito. Ya mwanamume kabisa."

Jeannette aliirudisha simu. Akajifuta jicho lile zima kwa pindo la kitenge, akatazama uani kwa wagonjwa. "Basi nisingemjua," akasema.

Odilia bado huenda kazini kila asubuhi na kuweka dole gumba kwenye mashine. Maneno yetu ya uani yamepungua. Jumapili baada ya misa humpigia Lusajo simu, nami huisikia kupitia kwenye ua, fupi, kila wiki ileile: salamu, swali, kisha "Haya, mwanangu, asante." Majuto ni mjukuu, husema watu. Wa Odilia amehamia kwake kabisa, na ana sauti nzito.